Miguu isiyotulia usiku, na kipimo ambacho hatukiombi

Ukimwambia mtu hapa Mbeya kwamba miguu yako haiumi, haijavimba wala haina ganzi, ila ikifika saa tatu usiku inakulazimisha uinuke utembee, atakutazama akisubiri umalizie. Hakuna cha kumalizia. Hayo ndiyo maelezo yote, na ndiyo ugonjwa wenyewe. Madaktari wanauita ugonjwa wa miguu isiyotulia. Nimeishi nao tangu ujauzito wa mtoto wangu wa tatu, na sasa nimepata nafuu ambayo sikuitegemea. Ninaandika kwa sababu nafuu hiyo ilianzia kwenye kipimo kimoja cha maabara ambacho wagonjwa wengi wa huku nyanda za juu hatukiombi, na mara nyingi hatuandikiwi.

Hisia yenyewe ni ngumu kuieleza. Haiko kwenye ngozi, kwa hiyo ukijikuna huifikii. Iko ndani, kati ya nyama na mfupa, chini ya goti kuelekea kwenye kifundo. Mama yangu husema ni sisimizi wanaohama. Ukitulia inaongezeka, ukisogeza mguu inapungua, ukiuacha inarudi. Na ina saa zake. Asubuhi nasimama darasani, naketi ofisini kusahihisha madaftari, naenda sokoni Mwanjelwa, hakuna kitu. Jua likishazama nikakaa kwenye kochi, inaanza.

Saa hizo ndizo zinazoutenga ugonjwa huu na mengine yanayofanana nao. Daktari huangalia mambo manne: kwamba una hamu isiyozuilika ya kusogeza miguu, kwamba inaanza au inazidi ukipumzika, kwamba kusogea kunaleta nafuu, na kwamba jioni na usiku ni mbaya kuliko mchana. Halafu anahakikisha si kitu kingine. Kubanwa na msuli wa shavu la mguu kunauma vikali na msuli unakuwa mgumu ukiushika. Huu wetu hauna hilo. Nyayo kuwaka moto kwa mwenye kisukari hakuondoki kwa kutembea chumbani. Mishipa ya miguu iliyotokeza huuma zaidi baada ya kusimama kutwa, na ukiinua miguu unapata ahueni, wakati mimi nikiinua miguu ndipo ninapoteseka. Hakuna picha wala kipimo cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu. Unathibitishwa kwa maneno ya mgonjwa, kwa hiyo mgonjwa asipopata nafasi ya kueleza, anatoka na dawa ya maumivu ambayo haina kazi.

Nieleze kidogo unavyoharibu maisha, maana watu hudhani ni kero ndogo. Kwetu Rungwe mtu akifiwa, wanawake tunalala msibani. Tunabanana kwenye mikeka sebuleni, mablanketi juu kwa sababu ya baridi, mfiwa katikati yetu. Kulala pale ndiyo pole yenyewe. Sasa wewe ndiye unayeinuka kila baada ya muda mfupi, unaruka vichwa vya watu gizani ukitafuta mlango, unazunguka uani kwenye umande, unarudi, unajilaza, inaanza upya. Mara ya kwanza watadhani ni haja. Baadaye wanaanza kuulizana. Nilijifunza kuwahi nafasi ya karibu na mlango, kisha nikawa najitolea zamu ya jikoni: kuchochea moto, kupika uji wa alfajiri, kuteka maji. Shangazi yangu mmoja alinisifu mbele ya ukoo kwa moyo wa kujituma. Nilimshukuru, lakini moyoni nilitamani kukaa kimya pembeni ya mfiwa na kumshika mkono kama wenzangu.

Basi nalo lina mateso yake. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Mabasi ya alfajiri yananifaa kwa sababu Makambako, Mafinga na mlima Kitonga tunavipita mchana, miguu ikiwa bado na adabu. Shida inaanza Chalinze, giza linapoingia na foleni inapotuandama hadi mjini. Nakata siti ya upande wa njia, namweleza konda mapema, na gari likisimama abiria wachimbe dawa mimi nashuka hata kama sina haja, nizunguke gari. Basi la usiku sipandi.

Mume wangu ndiye shahidi wa sehemu nisiyoijua, ile ya baada ya kupitiwa na usingizi. Mguu unajikunja ghafla kuanzia kidole gumba hadi goti, unaachia, na baada ya nusu dakika hivi unarudia, mfululizo. Takribani wagonjwa wanane kati ya kumi wana mateke hayo ya usingizini. Hivyo hata saa chache nilizodhani nimelala, usingizi wenyewe ulikuwa umekatwakatwa. Asubuhi nilikuwa naingia kidato cha pili nikiwa sina subira na watoto wa watu. Usingizi ukikosekana miezi na miezi, huzuni inakuja bila kubisha hodi, na utafiti umeonyesha wazi kwamba wenye ugonjwa huu wanapata sonona zaidi ya wengine. Mwenye mgonjwa wa hivi nyumbani asiishie kwenye miguu tu. Amuulize na moyo wake ukoje.

Maelezo ya mtaani niliyapata mengi. Kwamba nimekanyaga kitu nilichotegeshewa. Kwamba ni baridi ya Mbeya imeingia mifupani, nivae soksi za sufu. Kwamba ni mwili unadai kitu cha ukoo. Sina dharau na maombi. Niliombewa, na kanisani kwangu bado naombewa, na kuombewa kulinipa nguvu ya kuvumilia. Ila aliyetegeshewa kitu hapewi siku nzima ya amani kisha akaanza kuteswa kwa saa. Ratiba hiyo ni ya mwili wenyewe.

Na umeandikwa zamani sana. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliueleza mwaka 1672: watu wanaojilaza kitandani, na mara mikono na miguu inaanza kurukaruka na kuhangaika hadi hawawezi kulala, sawa na mtu aliye mahali pa mateso makubwa. Karne zikapita. Mwaka 1945 daktari wa mishipa ya fahamu wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, akauandikia kitabu kizima na kuupa jina linalotumika hadi leo, na ndiyo maana wengine wanauita ugonjwa wa Willis na Ekbom. Mwaka 1953 Msweden mwingine, Nordlander, akaandika kwamba wagonjwa aliowachoma sindano za chuma kwenye mshipa walipata nafuu, na akapendekeza kwamba kiini ni upungufu wa chuma mwilini hata pale damu inapoonekana haina shida. Zaidi ya miaka 70 imepita. Hoja hiyo ndiyo iliyoniokoa mimi, mwalimu wa Mbeya.

Ubongo unatengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo pamoja na kazi nyingine inasaidia kuratibu mwendo wa mwili. Kimeng'enya kinachoitengeneza hakifanyi kazi bila chuma. Watafiti waliopima maji ya uti wa mgongo na waliopiga picha za ubongo kwa mashine ya MRI walikuta kwamba wengi wa wagonjwa hawa wana chuma kidogo ndani ya ubongo, hata kama kwenye damu kipo cha kutosha. Tena utendaji wa dopamini hupanda na kushuka kwa saa za siku, na jioni hushuka. Nilipoelewa hapo tu, zile saa tatu za usiku zikapata maelezo, na hofu kubwa ikanitoka.

Sasa kipimo. Ukienda kituo cha afya ukasema umechoka, watakupima wingi wa damu. Wangu ulikuwa 12.6, na kwa mwanamke asiye mjamzito mpaka wa upungufu ni 12. Nikaambiwa damu ipo. Lakini mwili una ghala la chuma, na chuma kikipungua ndilo linaanza kukombwa. Wingi wa damu unashuka mwishoni kabisa, ghala likiwa tupu. Kipimo cha ghala hilo kinaitwa feritini. Daktari aliyenisikiliza hadi mwisho ndiye aliyeniandikia, na majibu yakaja 11. Akaniambia, "Mwalimu, damu unayo. Akiba ndiyo huna."

Maabara nyingi huandika kwamba feritini ya mwanamke ni ya kawaida kuanzia 15 hivi. Kwa mtu mwenye miguu isiyotulia, kiwango hicho hakitoshi. Miongozo ya wataalamu wa ugonjwa huu inasema mtu mzima mwenye feritini ya 75 kushuka chini anafaa kuongezewa chuma. Maana yake unaweza kupewa karatasi yenye 30, imeandikwa kawaida, ukarudi nyumbani kuteseka huku tiba ipo. Ni vizuri pia daktari aangalie kiasi cha chuma kinachosafirishwa kwenye damu, na damu itolewe asubuhi kabla ya kula. Usipime ukiwa na malaria, nimonia au homa yoyote, kwa sababu maambukizi yanapandisha feritini na yanaweza kuficha ghala tupu.

Kuna jambo la kwetu hasa. Jiji la Mbeya liko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Makete na Njombe kuna sehemu za juu zaidi. Hewa ikiwa nyepesi mwili unatengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi, kwa hiyo wingi wa damu wa mtu wa nyanda za juu unasomeka mkubwa kuliko wa mtu mwenye afya ileile aliyeko pwani. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kipimo cha mtu wa mwinuko kirekebishwe kwa kukipunguza kidogo kabla ya kukitafsiri. Sijaona marekebisho hayo yakifanyika kwenye karatasi zangu zozote. Kwa hiyo ile 12.6 iliyotupa amani mimi na nesi ingeweza kabisa kuwa, Tanga au Dar, upungufu wa damu.

Nikija kwenye chai itabidi nikae kidogo, maana nimezaliwa katikati yake. Wajerumani waliipanda Rungwe mwanzoni mwa karne ya 20, na leo ukipanda kutoka Tukuyu kwenda Katumba, au ukipita Mufindi, kijani hakiishi machoni. Ada yangu ya shule imetoka kwenye majani hayo. Chai kwetu si kinywaji cha asubuhi tu: ipo baada ya ugali, ipo baada ya kande, ipo mgeni akifika, na kwenye baridi ya Juni na Julai birika haliondoki mekoni. Tatizo ni kwamba kemikali zinazoipa chai rangi na ukakasi wake hushikana na chuma cha chakula tumboni, na kikombe kimoja kinachonywewa pamoja na mlo kinaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma kufyonzwa. Mtu anayekula nyama kila siku anaweza asiumie. Sisi ambao chuma chetu kikubwa kinatoka kwenye maharage, mboga za majani na mahindi tunaumia, kwa sababu chuma cha mimea ni kigumu kufyonzwa hata kabla chai haijaingia. Kahawa ya Mbozi nayo inazuia, ingawa kidogo kuliko chai.

Sikuacha chai. Nisingeweza, na hakuna aliyenitaka niache. Niliihamisha. Nakunywa katikati ya asubuhi na katikati ya mchana, saa moja na nusu au mbili mbali na chakula, na baada ya saa kumi jioni sinywi tena kwa sababu kafeini nayo huchochea miguu ya baadhi yetu. Mezani sasa kuna machungwa, au mapera msimu ukifika, au ndimu ya kukamulia maharage, kwa kuwa vitamini C inafanya kazi kinyume na chai: inausaidia mwili kuchukua chuma cha mimea. Usipa kutoka Kyela nimeurudisha jikoni kwa wingi, na maini mara mojamoja. Mama mkwe alinuna kidogo siku za mwanzo alipoona mgeni anamaliza kula bila kuletewa kikombe. Nilimweleza taratibu. Sasa yeye ndiye anayewaambia wageni wasubiri kidogo, chai inakuja.

Jambo jingine lililonishangaza ni vidonge. Kila msimu wa vumbi napata mafua ya mzio, na dawa yangu ilikuwa vile vidonge vidogo vya klofeniramini vinavyouzwa kila duka la dawa. Vinaleta usingizi, kwa hiyo mtu asiyelala anavipenda. Lakini dawa za mzio zinazolevya zinajulikana kuzidisha ugonjwa huu. Ndivyo ilivyo pia kwa prometazini, kwa metoklopramidi ya kuzuia kutapika, kwa amitriptilini na dawa nyingine kadhaa za sonona, na kwa dawa nyingi za magonjwa ya akili kama haloperidoli. Usiziache kwa kusoma makala. Ambaye amepewa dawa ya sonona au ya akili ana sababu nzito ya kupewa, na kuikatisha ghafla ni hatari. Beba orodha ya kila unachomeza umwonyeshe daktari. Mara nyingi ipo nyingine ya kubadilishia. Mimi nilihamishiwa dawa ya mzio isiyolevya, na ndani ya muda mfupi usiku ukawa na unafuu ambao chuma kilikuwa bado hakijaleta.

Pombe nayo inadanganya kwa namna hiyohiyo. Nina ndugu upande wa Iringa ambao msimu wa mvua, ulanzi ukigemwa vizuri, wanauchukulia kama dawa ya usingizi. Unalaza kweli saa za mwanzo. Baada ya hapo miguu inaamka mikali kuliko ingeamka bila ulanzi.

Nirudi kwenye chuma. Daktari hakuniandikia vidonge akaishia hapo. Aliuliza chuma changu kilikuwa kinaenda wapi. Hili swali nalipenda. Kwangu jibu lilikuwa hedhi nzito iliyotokana na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, ambayo niliizoea kiasi cha kuiona ya kawaida. Ilibidi itibiwe, vinginevyo tungekuwa tunajaza ghala lenye mlango wazi. Kwa wa Kyela na mabondeni, minyoo ya safura inaweza kuwa ndiyo inayonyonya. Na mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, akikutwa na chuma kidogo, lazima itafutwe damu inayopotea tumboni, kwa kidonda cha tumbo au hata saratani. Hapo vidonge peke yake vitaficha jambo kubwa.

Vidonge nilielekezwa nimeze siku moja, siku inayofuata nipumzike. Nilidhani nimesikia vibaya. Kumbe ukimeza chuma, ini linatoa homoni iitwayo hepsidini inayofunga njia ya chuma kwenye utumbo kwa takribani siku nzima, kwa hiyo kidonge cha kesho yake kinakuta mlango umefungwa, kinabaki tumboni kuleta kichefuchefu na choo kigumu. Namezea juisi ya chungwa, mbali na chai, mbali na maziwa pia. Choo kinakuwa cheusi, na hilo halina madhara. Chupa naiweka juu kabisa kabatini, kwa kuwa vidonge vya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo akivimeza kama pipi. Na asiyepima asianze. Kuna watu miili yao inarundika chuma, wakiwemo wenye selimundu walioongezewa damu mara nyingi, na kwao kidonge ni sumu.

Haikuwa haraka. Kipimo kilichofuata, baada ya miezi mitatu, kilisoma 34. Miguu ilikuwa inaanza saa tano badala ya saa tatu, na kuna usiku haikuanza kabisa. Feritini ilipopita 75 nilikuwa nalala hadi adhana ya alfajiri inayotoka msikiti wa mtaa wa pili, ambayo miaka yote nilikuwa naisikia nikiwa nimesimama dirishani. Ambao tumbo linakataa vidonge, au ghala limekauka sana, wanaweza kuwekewa chuma kwa dripu kwenye hospitali kubwa chini ya uangalizi. Gharama yake si ndogo, lakini kwa wengi kinafanya kazi vizuri kuliko cha kumeza.

Kwa usiku unaogoma, ninayoyafanya ni haya. Naweka miguu kwenye beseni la maji ya moto kiasi, kisha mume wangu ananikanda mashavu ya miguu kwa nguvu. Nanyoosha misuli nikiwa nimeegemea ukuta. Nalala na kuamka saa zilezile hata Jumamosi. Na akili nikiipa kazi, miguu inapungua makali: kusahihisha mitihani kunanisaidia, kutazama televisheni hakunisaidii. Wenzangu wawili niliokutana nao katika hangaiko hili wanaapa kwa maji ya baridi. Kila mtu na lake.

Mama yangu sasa. Yeye ni fundi cherehani, na utoto wangu wote niliulala kwa mlio wa cherehani yake ya kukanyaga. Alishona hadi usiku wa manane. Baba alijivunia, majirani walimsema kwa wema, sisi watoto tuliona ni bidii ya kutusomesha. Ilikuwa bidii, sitaki kuipunguza. Lakini nilipomweleza kuhusu miguu yangu alikaa kimya, akasema, "Ndaga, mwanangu. Na mimi je, unadhani nilikuwa nashona kila usiku kwa ajili ya oda?" Alikuwa akikanyaga ili miguu imwache. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe, kwa sababu hakujua kuna cha kumwambia. Zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao hawana sababu nyingine inayoonekana wana ndugu wa damu mwenye shida hiyohiyo, hasa wale ambao ilianza wakiwa vijana.

Tulimpima. Chuma chake kilipandishwa, akapata nafuu ya nusu tu, na daktari akamwongezea gabapentini kwa dozi ndogo ya jioni. Dawa hii na dada yake pregabalini ndizo zinazotangulizwa siku hizi. Zamani zilikuwa zinatangulizwa dawa zinazoiga dopamini, kama pramipeksoli na ropiniroli. Zinatuliza vizuri sana miezi ya mwanzo, halafu kwa wengi zinageuka: miguu inaanza mchana badala ya usiku, inapanda hadi mikononi, dozi inaongezwa na hali inazidi kuharibika. Baadhi ya wanaozitumia pia wanashikwa na tamaa isiyozuilika ya kucheza kamari au kununua vitu. Kama una ndugu anazitumia na ghafla amezama kwenye kubeti, mpelekeni kwa daktari kabla ya kumgombeza. Gabapentini nayo ina mambo yake. Kwa mzee inaleta kizunguzungu, figo lazima zipimwe kwanza, na kwa mama tulihakikisha taa inawaka njia nzima ya kwenda chooni. Figo zipimwe hata kwa sababu nyingine: walio kwenye usafishaji wa damu kwa figo kushindwa kazi ni miongoni mwa wanaoteswa zaidi na ugonjwa huu.

Sisemi kwamba kila anayepiga mguu chini ya meza ana ugonjwa huu. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika kaskazini mwa Tanzania ulikuta wagonjwa wachache sana kulinganisha na Ulaya na Marekani, ambako inakadiriwa kuwa watu wazima 5 hadi 10 kati ya kila 100 wamewahi kuwa na dalili. Hata tukiwa wachache, mama yangu alikaa miaka zaidi ya arobaini bila jina la kinachomsumbua, na hilo linaniuma.

Wajawazito wangefikiwa kirahisi kuliko wote. Takribani mmoja kati ya watano hupata miguu isiyotulia, zaidi miezi mitatu ya mwisho, na kwa wengi inaondoka wiki chache baada ya kujifungua. Wachache, kama mimi, inabaki nao au inawarudia miaka ya mbele. Kliniki zetu zinapima wingi wa damu na zinatoa vidonge vya chuma na foliki, kazi nzuri kabisa. Swali moja likiongezwa, la kama miguu inamnyima usingizi, lingemwondolea mama upweke mwingi hata kabla ya dawa.

Na wapo watoto. Shuleni kwetu mabinti wa bweni wana kipindi cha kujisomea usiku, na mwalimu wa zamu kazi yake ni kuhakikisha wametulia. Kuna mmoja alikuwa anaadhibiwa kila wiki kwa kuinuka. Mchana ni msichana mtulivu. Nilimwita, nikamuuliza bila kumtangulizia maneno, naye akanionyesha kwa kidole palepale chini ya goti. Hedhi yake ni nzito, na chai ya bwenini inatolewa pamoja na maharage. Nimeongea na mama yake kwa simu, watampeleka kupima likizo ya Juni, na jina la kipimo nimemwandikia kwenye karatasi. Kwa sasa anasoma amesimama nyuma ya darasa, daftari likiwa juu ya kabati, na mkuu wa shule amekubali. Wasichana wengine wawili wameniomba nao wasimame.